Paja la Kuku na Miaka Mia ya Urahisi

Historia tuliyosomeshwa darasani ilikuwa ya wafalme, mikataba na vita. Mimi nimemaliza kidato cha nne nikiweza kukutajia mwaka wa Mkutano wa Berlin hata ukiniamsha usiku wa manane. Lakini hakuna siku hata moja mwalimu aliyeingia darasani akasema, leo tutasoma historia ya chakula cha jioni. Sasa mimi nataka kuwa mwandishi wa riwaya, na katika riwaya watu hula kila siku, ilhali mikataba huitia saini mara moja moja tu. Kwa hiyo nimeona nichunguze historia ya kitu kimoja kidogo: paja la kuku lililookwa ndani ya oveni.

Sikulichagua bure. Kazi inayoniweka mjini, wakati riwaya yangu bado iko kwenye daftari, ni kukata kuku katika duka moja hapa Dar es Salaam. Asubuhi mpaka jioni nashika kisu. Nakutana na mapaja mengi kuliko watu. Halafu usiku nasoma chochote ninachokipata, yakiwemo majarida ya mapishi ya Uingereza na Marekani, na humo nimekuta paja la kuku la kwenye oveni likisifiwa kila mara kwa neno moja tu: rahisi. Chakula rahisi cha jioni kwa mtu aliyechoka na kazi. Neno hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mapishi yenyewe ni haya. Unawasha oveni mpaka ifike nyuzi 200 hadi 220 za Selsiasi. Unachukua mapaja manane yenye ngozi na mfupa, unayafuta maji kwa kitambaa safi, maana ngozi yenye maji hutokota badala ya kukauka. Unapaka mafuta kidogo, chumvi, pilipili manga na kitunguu saumu kilichotwangwa. Ukipenda, kamulia ndimu. Unayapanga kwenye trei, ngozi juu, yasisongamane. Unafunga mlango. Baada ya dakika 40 hivi ngozi imekuwa rangi ya dhahabu, mafuta yanachemka chini yake, na ukidunga kisu karibu na mfupa yanatoka maji meupe yasiyo na damu. Ukiweka viazi humo humo, vinakunywa mafuta hayo na kuiva pamoja. Basi, kwisha kazi. Huna kugeuza, huna kukoroga, huna kupepea moto. Wakati huo mpishi anaweza kumwogesha mtoto, au kuandika kurasa mbili za riwaya.

Lakini ngoja kwanza. Mimi mkata kuku nimezoea kuhesabu. Kuku ana mapaja mawili. Trei moja ya mapaja manane ni kuku wanne! Bibi yangu angesikia kwamba watu wanne wamekula kuku wanne usiku wa Jumanne, bila harusi wala msiba, angeuliza kuna nini. Na hao kuku wanne, vidari vyao viko wapi? Mabawa je? Nani aliwachinja, nani aliwanyonyoa, nani aliwakata? Mpishi wetu hakufanya lolote kati ya hayo, na moto hakuukoka pia. Kazi hiyo yote ilifanywa na watu wengine, mahali pengine, na ilichukua karibu miaka mia kuipanga. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kukusimulia.

Tuanze na moto

Uingereza ya zamani nyama haikuokwa ndani ya sanduku la chuma. Ilichomekwa kwenye mtaimbo mrefu mbele ya moto wa wazi, na mtu alikaa pembeni akiuzungusha kwa saa nyingi. Kazi hiyo walipewa vijana wa jikoni, waliobabuka uso kwa joto. Baadaye wakapewa mbwa. Naam, mbwa! Kulikuwa na aina ya mbwa wadogo wenye miguu mifupi waliofugwa kwa kazi hiyo tu: waliwekwa ndani ya gurudumu ukutani, wakawa wanakimbia bila kufika popote, na gurudumu likawa linazungusha nyama. Mmoja wao amekaushwa na kuhifadhiwa katika makumbusho ya Abergavenny, huko Wales. Aina yenyewe imekwisha toweka.

Mwaka 1826 James Sharp wa Northampton, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya gesi, alipata hataza ya jiko la gesi, na miaka kumi baadaye akafungua kiwanda cha kuyatengeneza. Watu hawakuyakimbilia. Wengine waliogopa mlipuko, wengine walidhani gesi itaingia kwenye chakula. Ilichukua nusu karne na zaidi mpaka kampuni za gesi zilipoanza kukodisha majiko, na kufunga mita za kutumbukiza sarafu, ndipo hata mfanyakazi wa kawaida akaweza kununua moto wa senti chache kila jioni.

Hata hivyo bado kulikuwa na tatizo moja. Oveni ilikuwa na moto, lakini haikuwa na akili. Mpishi alilazimika kujua joto lake kwa kuingiza mkono na kuhesabu, au kwa kuweka kipande cha karatasi nyeupe na kutazama kinavyogeuka rangi. Ujuzi huo ulikaa mikononi mwa mpishi. Ndipo mwaka 1923, Uingereza, likatoka jiko la gesi lililofungwa kifaa kilichoitwa Regulo. Ndani yake mlikuwa na metali mbili zinazotanuka kwa viwango tofauti zikipata joto. Oveni ikizidi moto, kifaa kinabana gesi chenyewe, ikipoa kinafungua. Mpishi alizungusha namba tu. Tangu hapo kitabu cha mapishi kikaweza kumwambia mtu asiyejua kitu: weka namba fulani, ondoka, rudi baada ya muda fulani.

Usidhani sisi hatukuwa na oveni. Pwani yetu akina mama wamepalia makaa juu ya kifuniko cha sufuria tangu zamani, moto juu na moto chini, na wali, mkate wa kumimina na keki vikaiva vizuri sana. Fundi wa kazi hiyo anajua joto kwa kiganja chake. Ila kiganja hakiandikiki kitabuni. Lazima ukae naye jikoni miaka. Namba inasafiri, kiganja hakisafiri. Hiyo ndiyo tofauti iliyoleta neno rahisi.

Vifaranga 500

Sasa shika mwaka huo huo, 1923, uvuke bahari ya Atlantiki mpaka Ocean View, kijiji cha pwani katika jimbo la Delaware, Marekani. Huko aliishi mama mmoja, Cecile Steele, aliyefuga kuku wa mayai kama walivyofanya wake wengi wa wakulima wakati ule. Kuku ilikuwa shughuli ya kina mama, ya kupatia fedha za chumvi na kibiriti. Nyama ya kuku haikuwa biashara kubwa. Aliyeliwa ni jogoo wa ziada au tetea mzee aliyeacha kutaga, na bei yake mara nyingi ilizidi ya nyama ya ng'ombe. Kwa Wamarekani wengi kuku alikuwa chakula cha Jumapili, kama kwetu alivyokuwa chakula cha mgeni.

Mama Steele aliagiza vifaranga 50. Wakaletwa 500. Mtu mwingine angewarudisha. Yeye akawajengea banda dogo, akawalisha, na wiki 18 baadaye 387 walikuwa hai. Akawauza kwa senti 62 kwa ratili, kila mmoja akiwa na ratili mbili hivi, yaani kama kilo moja kasoro kidogo. Faida ilimshangaza. Mwaka uliofuata akaagiza 1,000. Mwaka 1926 alikuwa na banda la kuku 10,000. Majirani wakaiga, na eneo lote lile likageuka kuwa nchi ya kuku wa nyama. Banda lake la kwanza limehifadhiwa mpaka leo kama kumbukumbu ya taifa.

Bahati peke yake haitoshi kueleza historia, ndugu zangu. Miaka hiyo hiyo ya 1920 wataalamu walikuwa wamegundua kwamba kifaranga anayefungiwa ndani bila jua hupinda miguu kwa kukosa vitamini D, na kwamba mafuta ya ini la samaki yanaweza kuchukua nafasi ya jua. Ndiyo kusema kuku sasa aliweza kuishi maisha yake yote chini ya paa. Na soko lilikuwepo: jiji la New York, lenye Wayahudi wengi waliopenda kuku, halikuwa mbali. Halafu ikaja Vita Kuu ya Pili. Nyama ya ng'ombe na ya nguruwe ikagawiwa kwa kadi, kuku hakugawiwa kwa kadi, na jeshi likachukua kuku wa Delaware na majirani zake kwa ajili ya askari. Wafugaji wa majimbo ya kusini, hasa Georgia, wakaliziba pengo lililobaki sokoni.

Kuku wa Kesho

Vita vilipokwisha, wenye maduka waliingiwa na hofu. Watu wakirudi kwenye nyama ya ng'ombe, nani atamla huyu kuku mwembamba mwenye mifupa mingi? Kampuni ya maduka ya A&P, pamoja na Idara ya Kilimo ya Marekani, wakaanzisha mashindano yaliyoitwa Kuku wa Kesho. Wafugaji wa nchi nzima waliambiwa: tuleteeni kuku mwenye kidari kipana na mapaja yaliyojaa. Waamuzi walikuwa na sanamu ya nta ya kuku wanayemtaka, yaani kuku ambaye bado hajazaliwa! Fainali ya kwanza ya taifa ilifanyika mwaka 1948 huko huko Delaware. Mayai yalikusanywa kutoka majimbo mengi, yakaanguliwa mahali pamoja, vifaranga wakalishwa chakula kimoja, wakachinjwa siku moja, wakapimwa. Mshindi alikuwa Charles Vantress wa California na kuku wake chotara, na mwaka 1951 akashinda tena.

Kuku wa nyama unayemwona leo katika mabanda ya Dar es Salaam, Nairobi au Kampala ni mjukuu wa mashindano yale. Tazama alivyobadilika. Mwaka 1925 kuku wa sokoni Marekani alihitaji siku 112 kufikia kilo 1.1 hivi. Mjukuu wake wa leo anafika karibu kilo tatu kwa siku zisizofika 50. Miguu yake wakati mwingine inashindwa kuubeba mwili. Mimi huwapokea asubuhi kwenye matenga, na nakwambia ukweli, wengi wao hulala tu. Kuku wa kienyeji ukimfungua anakimbia mpaka kwa jirani.

Paja linaachana na kidari

Kuku alikuwa amekwisha kuwa rahisi, lakini bado alikuwa mzima. Mwaka 1962, katika kila kuku 100 waliouzwa Marekani, 83 waliuzwa wazima. Mama wa nyumbani alimkata mwenyewe, akaamua mwenyewe nani apate nini. Miongo minne baadaye ilikuwa kinyume: karibu kuku mmoja tu katika kumi ndiye aliyeuzwa mzima. Wanawake walikuwa wameingia kazini kwa wingi, majokofu yalikuwa kila nyumba, na maduka yaligundua kwamba vipande vilivyopangwa kwenye sahani na kufunikwa nailoni vinauzwa kwa faida kubwa zaidi. Kisu kilihama kutoka jikoni kwenda kiwandani.

Hapo ndipo paja na kidari vikapata bei mbili tofauti. Kidari cha kuku ni cheupe kwa sababu msuli ule hufanya kazi kwa muda mfupi tu, kuku anaporuka. Paja hufanya kazi siku nzima, kwa hiyo lina protini nyingi ya kushika oksijeni, ndiyo inayolipa rangi ya giza, na lina mafuta na nyuzi ngumu zaidi. Kuanzia miaka ya 1980 Wamarekani walihimizwa kuogopa mafuta, wakakimbilia kidari. Mwaka 1983 mikahawa ya McDonald's ikasambaza nchi nzima vipande vyake vya kuku vya kukaanga, na kidari kikazidi kutafutwa. Paja likabaki kama mtoto wa kambo.

Hili ni jambo la kuchekesha, maana mpishi yeyote atakwambia paja ndilo linalosamehe. Kidari kikizidi dakika tano ndani ya oveni kinakuwa kama pamba. Paja linakuwa salama likifika nyuzi 74 ndani yake, lakini ladha yake huwa bora likivuka 80, kwa kuwa zile nyuzi ngumu huyeyuka na kuwa ute unaolainisha nyama. Ukisahau kidogo, halikuadhibu. Kwa hiyo yale majarida yanaposema paja la oveni ni rahisi, yanasema kweli mara mbili: ni rahisi kupika, na lilikuwa rahisi kwa bei kwa sababu matajiri wenyewe walilikataa.

Mapaja yasiyokuwa na mwenyewe yalitafutiwa wenyewe ng'ambo. Miguu, yaani ile yenye kucha, ilipelekwa China, wanakoijua thamani yake. Mapaja yakaenda Urusi. Mwaka 1990, wakati maduka ya Muungano wa Kisovieti yalikuwa matupu, Gorbachev na Rais George Bush mzee walikubaliana biashara ya mapaja yaliyogandishwa, na Warusi kwa utani wakayaita mapaja ya Bush. Kizazi kizima kilikulia nayo. Mwaka 2014, katika ugomvi wa vikwazo juu ya Ukraine, Urusi ikaufunga mlango huo.

Afrika nayo haikusahaulika. Ghana, iliyokuwa na wafugaji wake, ilifurika vipande vya barafu kutoka Ulaya, Marekani na Brazil. Mwaka 2003 bunge lake lilipandisha ushuru kutoka asilimia 20 hadi 40, na mwaka huo huo hatua hiyo ikasimamishwa. Afrika Kusini iliweka ushuru maalumu dhidi ya mapaja ya Marekani mwaka 2000. Mwaka 2015 ikakubali kuingiza tani 65,000 kwa mwaka bila ushuru huo, ili isipoteze nafasi ya kuuza bidhaa zake Marekani kwa masharti nafuu. Umeona mwenyewe: kipande ambacho mtoto wa Ohio amekiacha kwenye sahani kinaweza kumfilisi mfugaji wa Kumasi.

Kwetu

Kuku naye si mwenyeji wa hapa, ingawa tunamwita wa kienyeji. Asili yake ni kuku wa porini wa Asia ya Kusini Mashariki, naye alifika pwani yetu kwa biashara ya bahari ya Hindi. Mifupa yake imechimbuliwa Unguja Ukuu, mji uliokaliwa tangu karne ya 7 hivi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini huyu kamba yake imekwisha katika miaka elfu na zaidi.

Huyu wa kisasa bado anayo. Tanzania ilizuia kuku na mazao yake kutoka nje mwaka 2006, kwa hofu ya mafua ya ndege, na zuio hilo likawa pia ngao ya wafugaji wa ndani. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 walioingizwa kutoka Kenya bila kibali walikamatwa Namanga, wakateketezwa kwa moto, na majirani wawili wakakasirikiana. Viumbe vya siku moja au mbili, na tayari wana kesi ya mpaka.

Nyumbani kwetu, kuku wa kienyeji akichinjwa, kila kipande kilikuwa na mwenyewe. Firigisi ilikuwa ya baba na haikujadiliwa. Paja moja la mgeni, la pili la kaka mkubwa. Sisi wadogo tulipewa mabawa na shingo. Mama alichukua mgongo, akisema yeye mgongo ndio anaoupenda, na sisi tulimwamini miaka yote. Kuku wa vipande amevunja sheria hiyo. Leo katika duka letu binti wa miaka 20 anayefanya kazi ofisini ananiambia, "Kaka, nikatie mapaja tu, manne," anakwenda kuyala na wadogo zake, na hakuna wa kumuuliza mgeni yuko wapi. Mimi nalifurahia jambo hilo. Yeyote anayesema zamani kulikuwa na heshima zaidi, amuulize kwanza mama yake kama kweli alipenda mgongo.

Lakini sheria haijafa, imehamia dukani. Mapaja na vidari yanaondoka na wenye uwezo. Jioni wanakuja akina mama na ndoo kununua vichwa, miguu na utumbo, wanavikaanga barabarani kwa wale ambao mfukoni mna shilingi mia chache. Mgongo bado una mwenyewe, ila sasa mwenyewe ni mtaa mzima.

Mlango

Nimebakisha jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Hamlet ni mji mdogo katika jimbo la North Carolina, Marekani. Tarehe 3 Septemba 1991, asubuhi, kiwanda cha Imperial Food Products kilichokuwa kikipika na kugandisha vipande vya kuku kilishika moto. Bomba la mafuta ya mashine lilipasuka karibu na karai kubwa la kukaangia. Moshi ukajaa. Wafanyakazi wakakimbilia milango, wakaikuta imefungwa kwa nje. Watu 25 walikufa, wengi wao wanawake, na zaidi ya 50 walijeruhiwa. Milango ilifungwa, ilielezwa, kwa sababu ya hofu kwamba wafanyakazi wanaiba kuku. Katika miaka 11 ya kazi kiwanda hakikuwahi kukaguliwa usalama hata mara moja. Mwenye kiwanda alikiri makosa ya kuua bila kukusudia, akahukumiwa karibu miaka 20, akatoka baada ya miaka isiyotimia mitano.

Nilipoyasoma hayo niliweka kitabu chini. Chumba tunachokatia kuku kina mlango wa nyuma, na mlango huo ulikuwa na kufuli. Ufunguo alikaa nao tajiri. Sababu yake ilikuwa ile ile: vijana watapitisha mapaja uchochoroni. Humo ndani tuna mtungi wa gesi wa kubabulia manyoya yaliyobaki. Siku iliyofuata nilimwendea tajiri, nikamwamkia, nikamweleza habari za Hamlet kama hadithi, maana mtu mkubwa humwambii, "Fungua mlango." Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Wangapi?" Nikamjibu, 25. Hakusema neno. Baada ya siku mbili tulikuta ufunguo umening'inizwa kwenye msumari ndani ya chumba, kando ya mlango. Kufuli bado ipo. Mwenzangu mmoja anasema tumeshinda. Mimi nasema mtu aliyevuta moshi haoni msumari, na bado naendelea kumsimulia tajiri hadithi.

Vijana wenzangu mnaotaka kuandika, haya nimeyaleta kwenu na si kwa wapishi. Tunapenda kuandika, "Wakala chakula cha jioni, wakalala." Sentensi hiyo ni rahisi kama paja la oveni, na kazi yote imefichwa ndani yake. Mhusika wako akila kuku, tuambie ni kipande gani alichopata, na nani alichukua mgongo. Ikiwa nyumba ina oveni, tujulishe nani analipa umeme. Ikiwa ni makaa, tuonyeshe kiganja cha anayepima joto. Hayo tu yanatosha kutuonyesha nani ana nguvu katika nyumba ile, bila mwandishi kutoa hotuba.

Sisemi tusile mapaja. Mimi mwenyewe nayapenda, na siku nikipata oveni nitayaoka kama nilivyoeleza hapo juu, ngozi juu, dakika 40, na katika hizo dakika nitaandika. Tangu Mama Steele na kile kifaa cha Regulo imepita miaka mia na ushei, na watu wengi wamepata nafasi ya kupumua jioni kwa sababu hiyo. Si jambo dogo hilo kwa mama aliyesimama kazini mchana kutwa. Ninachoomba ni kwamba yule anayekata, na yule anayekaanga kiwandani, naye awe na jioni yake ya kurudi nyumbani. Anayekula ana haki ya kujua ni mikono ya nani iliyomrahisishia, na sisi wenye kalamu ndio wa kumwambia.